Kilo moja ya mafuta, lakini mafuta gani?

Chupa ya mafuta ya nazi niliyotoka nayo Mombasa ilikuwa maji kama maji mengine mpaka tulipofika Nakuru. Alfajiri, basi liliposimama abiria wanywe chai, nilifungua mkoba nikaona mafuta yameanza kuganda pembeni kama samli. Tulipopita Salgaa na Mau Summit, gari likawa linaupanda mlima kwa taabu, yalikuwa meupe tupu na magumu, hata uipindue chupa hayamwagiki. Nami niliyeyabeba nilikuwa karibu na hali hiyo hiyo, maana koti nililoazima kwa jirani yangu lilikuwa koti la Mombasa, la kuvaliwa harusini.

Wasomaji ambao hawajafika huko watakubali niwaeleze kidogo. Timboroa iko kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, zaidi ya futi 9,000 juu ya bahari. Reli iliyofika Eldoret mwaka 1924, na Kampala mwaka 1931, ilipitishwa hapo, na kituo chake ni miongoni mwa vituo vya reli vilivyo juu kabisa katika Afrika. Ni nchi ya viazi na kabeji, ya maziwa na kondoo, ya misonobari na ukungu. Maji ya chai yanatokota kwenye digrii 91 hivi, wala hayangoji digrii 100 kama ya kwetu, ndiyo sababu maharagwe huko hukaa motoni mpaka mwenye njaa akakata tamaa.

Lakini sikwenda kutalii. Nilikwenda kwa aibu, na aibu yenyewe ilitokana na neno moja.

Ninaye mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu mdogo, aliyeolewa huko. Mumewe anaziba pancha za malori kando ya barabara. Idd ya kuchinja iliyopita, zile nyumba chache za Waislamu zilizoko karibu zilichinja kondoo watatu, na kondoo wa bara ya baridi, wallahi, ana shahamu. Nyama iligawiwa na kuliwa. Shahamu ikabaki ndooni. Mpwa wangu, mwenye kuona vibaya kutupa neema ya Mungu, akakumbuka kwamba mama yake mkubwa aliyeko Mombasa hupika sabuni. Mama mkubwa huyo, yaani dada yangu, hapendi simu. Basi akaniuliza mimi, nami nikaenda kumwuliza dada, nikaandika, nikampelekea ujumbe: kilo moja ya mafuta, gramu 175 za kostiki, gramu 350 za maji. Tia kostiki ndani ya maji, usitie maji ndani ya kostiki. Koroga mpaka iwe nzito kama uji. Mimina, funika, kata, ngoja wiki nne.

Kila neno la ujumbe ule lilikuwa kweli kwa dada yangu, na uongo kwa mpwa wangu. Dada hupika sabuni ya mafuta ya nazi, hajapika nyingine tangu azaliwe. Aliposema "mafuta" hakuwa na haja ya kusema zaidi. Nyumbani kwake hakuna mafuta mengine yanayostahili jina hilo. Nami, mtu niliyekula ugali wa kalamu miaka yote hii, nilinakili neno bila kuliuliza ukoo wake. Lugha yetu ni karimu mno kwa neno hili: ya nazi ni mafuta, ya alizeti ni mafuta, ya taa ni mafuta, ya gari ni mafuta. Tunayo maneno ya kupambanua, tunayo shahamu na samli na mawese, lakini mdomo ukivivia husema mafuta, basi.

Mpwa wangu akapima kilo tatu za shahamu iliyoyeyushwa, akatia gramu 525 za kostiki, sawasawa kama alivyoambiwa. Zikatoka sabuni nyeupe, ngumu, nzuri kutazama, akazikata vipande 45. Baada ya wiki nne akauza vichache kwa majirani. Mmojawapo alikuwa bibi mzee muuza maziwa, ambaye pale wote humwita kogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin. Bibi huyo akaoshea mikebe yake, na siku ya pili vidole vikapasuka na kuwasha. Mwengine akafulia nguo za mtoto mchanga bila kuzisuuza sana, na mtoto akababuka mapajani. Neno likapita sokoni upesi kuliko lori: sabuni ya yule Mswahili inachoma. Mpwa wangu akarudisha pesa za watu, akakusanya vipande vyake nyumba kwa nyumba, akanipigia simu. Hakunilaumu. "Mjomba," aliniambia, "pengine mimi nilikosea kupima." Ingekuwa heri angenitukana.

Sasa ngoja niwaeleze kosa lilikuwa wapi, maana najua wako wengi pwani na bara wanaopelekeana vipimo hivi kama nilivyofanya mimi.

Mafuta yoyote ya kula, ya mti au ya mnyama, ukiyachungua yamejengwa kama mama aliyeshikwa na watoto watatu. Mama ni glisirini. Watoto ni zile asidi za mafuta. Kostiki ikiingia humnyang'anya mama watoto wake, na kila mtoto akiungana na soda huwa sabuni. Mama hubaki peke yake ndani ya sabuni hiyo hiyo, naye ndiye anayelainisha ngozi. Viwanda vikubwa aghalabu humtoa wakamwuza mbali, ila sabuni ya nyumbani humwacha alipo. Jambo hili lilifafanuliwa na Mfaransa Chevreul katika kitabu alichotoa mwaka 1823, ingawa watu walikuwa wakipika sabuni karne nyingi kabla yake bila kujua ndani mnafanyika nini.

Watoto wa mafuta ya nazi ni wafupi. Watoto wa shahamu ni warefu. Mwende soko la samaki mpime kilo ya dagaa na kilo ya changu: uzito ni mmoja, lakini hesabu vichwa. Kostiki haiangalii uzito, inahesabu vichwa. Kwa hiyo kilo moja ya mafuta ya nazi humeza gramu 183 za kostiki mpaka iishe, na kilo moja ya shahamu ya kondoo au ya ng'ombe hushiba kwa gramu 140 tu. Mawese ni karibu na shahamu, 141 hivi. Alizeti na zeituni ni 134 au 135. Mpikaji mwenye busara hupunguza kidogo chini ya hapo, sehemu tano katika mia, ili mafuta yabaki kidogo na kostiki isibaki kabisa. Gramu 175 za dada yangu zilikuwa zimeshapunguzwa, kwa nazi. Kwa shahamu, kila kilo iliachiwa gramu 35 za kostiki isiyo na kazi, na kostiki isiyo na kazi hutafuta kazi kwenye ngozi ya mtu.

Hapo ndipo penye hatari yote ya sabuni ya nyumbani. Kostiki ikitiwa majini, maji hupanda moto yenyewe bila kuni, karibu ya kutokota, na hutoa mvuke unaokaba koo. Hufanywa uwanjani au penye dirisha wazi, kwa glavu na miwani, na watoto wakiwa mbali. Ukitia maji juu ya kostiki huweza kuruka usoni. Ikikudondokea, osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika ishirini au zaidi, wala usikimbilie siki. Na ikiingia jichoni, osha huku ukipelekwa hospitali.

Na jambo moja ambalo ujumbe wangu haukulisema hata kidogo: sufuria zetu za kila siku, hizi nyepesi za alumini, haziwezi kostiki. Huanza kutoa povu na kuliwa, zikatoboka, na hewa itokayo humo hushika moto. Mpwa wangu, Mungu ni mwema, alitumia ndoo ya plastiki kwa sababu sufuria zote zilikuwa na nyama. Itafutwe ndoo ya plastiki nzito, au chungu, au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Wengine huniuliza je, magadi hayafai badala ya kostiki? Magadi ya Ziwa Magadi, haya ya kulainishia maharagwe na kutilia tumbaku, ni jamaa yake, lakini ni mpole. Peke yake hayaivishi shahamu ikawa sabuni. Wazee wa zamani wa nchi nyingi walikuwa wakiyachemsha magadi pamoja na chokaa, na chokaa ndiyo iliyoyatia ukali. Sisi wenye matanuri ya chokaa ya mawe ya bahari tungeweza hayo tangu zamani. Maji ya majivu nayo hutoa sabuni, ila huwa laini, ya kuchotwa kwa kidole.

Nilifika Timboroa saa nne asubuhi. Nilimkuta mpwa wangu amezipanga sabuni zake kwenye sanduku la viazi, amezifunika gazeti kama maiti. Nilipomweleza hesabu, alikaa kimya, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. "Kumbe mjomba hakunipa kipimo, alinipa shairi," akasema. Nilistahili.

Sabuni iliyozidi kostiki haitupwi; inalishwa. Hesabu yetu ilikuwa hivi: katika kilo tatu mlikuwa na gramu 105 za kostiki ya ziada, na kuishibisha kwa shahamu kungetaka robo tatu ya kilo, na cha kubakia juu. Lakini shahamu ya Idd ilikuwa imekwisha. Jirani mmoja, mama Mkristo, mtu mwema ambaye hata siku sokoni pamechafuka hakusema neno baya juu ya mpwa wangu, alisikia shida yetu akaja na mkebe wa mafuta meupe, laini, yasiyo na harufu. "Haya ni mazuri kwa sabuni," alisema, na kwa upande wa sabuni alisema kweli. Tukamwuliza ni ya nini. Ya nguruwe.

Mpwa wangu alinitazama mimi. Alikuwa ameshaona wapi mambo haya: baadhi ya vijana humwambia kwamba kikishapikwa na kostiki si nguruwe tena, ni sabuni, umbo limegeuka. Wala hawajalitunga. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi wamelisema kwa muda mrefu, kwamba mafuta najisi yakigeuka sabuni hutwahirika kwa kugeuka dhati yake. Lakini sisi wa pwani tumesomeshwa Kishafi, na Kishafi mlango huo ni mwembamba: mvinyo ukigeuka siki wenyewe, ngozi ya mzoga ikishafanyiwa dibaghi, na hata hapo mbwa na nguruwe wametolewa. Sabuni ya shahamu ya nguruwe, au ya mnyama asiyechinjwa, kwa njia hii ni najisi iliyovaa kanzu nyeupe, na nguo ya kusalia iliyofuliwa nayo haikufuliwa. Mimi si mufti, na mwenye swali aende kwa sheikh wake. Nilimwambia mpwa wangu tu yale niliyoyasoma chuoni nikiwa na ubao mapajani, na kwamba haina maana kuhangaika kumrudishia kogo sabuni isiyochoma kisha sisi wenyewe tusiweze kuifulia.

Jirani alielewa kabla hatujamaliza kusema. Alichukua mkebe wake akaaga, na baada ya saa moja akaturudia na sufuria yake kubwa ya chuma kisichoshika kutu, tuitumie.

Kwa habari hiyo hiyo, anayenunua sabuni ya dukani asome karatasi yake. Ukiona neno "tallowate", ni shahamu ya mnyama. "Palmate" ni mawese. "Cocoate" ni nazi. Karatasi haikwambii ni mnyama gani, wala amechinjwa na nani.

Basi ikabaki chupa yangu. Nilikuwa nimeileta iwe zawadi ya nywele za watoto, imeganda kama jiwe. Tukaiweka karibu na jiko ikayeyuka. Mafuta ya nazi, kama nilivyosema, humeza kostiki zaidi, kwa hiyo gramu 575 hivi zilitosha kuimaliza yote, nasi tukatia 700 ili pabaki salama. Vipande vichache havikurudi, vilikuwa vimekwisha mikononi mwa watu, lakini nilihesabu kana kwamba vyote vimerudi. Mafuta yakizidi kidogo hayamchomi mtu.

Tulizikwaruza sabuni zote kwa kikwaruzo, tumevaa glavu, mpaka zikawa chembe chembe. Zikatiwa kwenye sufuria ya jirani na maji kidogo, moto mdogo wa kuni, na mafuta ya nazi juu. Kukoroga kulikwenda saa tatu na zaidi. Kwanza ni madonge, kisha uji wenye madonge, kisha huanza kuwa kama bada iliyoiva, inang'aa, inajivuta kwenye mwiko. Mumewe alipokezana nasi, mikono ya mtu wa pancha haichoki. Tulipoona imetulia, mpwa wangu alilowesha kidole, akakisugua kwenye donge lililopoa, akakigusisha ncha ya ulimi tu. Kipimo cha wazee: ikiwa kostiki ingaliko, ulimi hushtuka kama uliogusa betri ya tochi. Aligusa, akangoja. Akasema, "Ina ladha ya sabuni." Nikagusa mimi pia, maana deni lilikuwa langu.

Tukaishindilia ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa karatasi ya plastiki. Haikuwa nzuri. Ile ya kwanza ilikuwa nyororo kama mshumaa. Hii ilikuwa na mabonde na milima kama nchi yenyewe.

Usiku ule alinieleza mengine aliyojifunza mwenyewe, ambayo mimi nisingejua. Shahamu lazima iyeyushwe kwanza pamoja na maji na chumvi, ichujwe kwa kitambaa, iachwe igande juu, na taka za chini zikwanguliwe; ukifanya mara mbili, harufu ya kondoo huondoka karibu yote. Na baridi ya Timboroa humdanganya mpikaji. Shahamu huanza kuganda ingali na digrii arobaini na kitu, kwa hiyo ukikoroga kwenye ndoo baridi utaona imekuwa nzito, useme imeshika, kumbe ni mafuta yaliyoganda tu, na kesho yake unakuta maji makali yamejitenga chini. Yeye hupasha ndoo kwa maji moto kabla, huchanganya vyote vikiwa na joto, kisha huifunika sanduku blanketi kuukuu usiku kucha. Wiki nne za pwani kule hazitoshi; ukungu haukaushi kitu. Yeye anahesabu nane.

Nilimwambia habari za sabuni ya zeituni ya Nablus, Palestina, na ile ya Aleppo, Syria, yenye mafuta ya mti unaoitwa ghar, ambazo mwaka 2024 UNESCO iliziingiza zote mbili katika orodha ya urithi wa wanadamu. Nikamwambia na habari za wanawake wa Paje, Unguja, wanaotia mwani katika sabuni zao na kuwauzia wageni. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza mizani ya dijitali ya jikoni inauzwa bei gani Mombasa, maana ile aliyoazima dukani mwenyewe anaitaka. Akaniambia pia kwamba akitaka kuziingiza madukani itabidi apate alama ya ubora ya KEBS, na kwa sasa bado anauza mlangoni tu, kwa watu wanaomjua.

Nilirudi pwani. Miezi miwili baadaye akanipigia simu: alimpelekea kogo vipande viwili bila malipo, na kogo hakusema kitu, alivichukua tu akaingia ndani. Baada ya juma moja alimtuma mjukuu wake na pesa ya vipande vinne. Yule mwenye mtoto mchanga bado hajanunua, wala mpwa wangu hamsogelei kwa jambo hilo. Amempelekea maziwa, amemwangalia mtoto, basi.

Kwenye mfuko ulioletwa na dereva wa lori mlikuwa na vipande vitatu, viwili vyangu na kimoja cha mama mkubwa. Nikampelekea dada yangu chake. Kisima cha nyumbani kwake ni cha maji ya chumvi chumvi, maji yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, na sabuni ya shahamu haipatani na maji hayo. Huko juu, kwa maji ya mvua, ilitoa povu kama maziwa. Dada alisugua, akasugua tena, akapata utando wa kijivu na povu la kuhesabika. Akakinusa kile kipande, akakigeuza huku na huku, akanitazama.

"Mafuta gani haya?"

"Ya kondoo," nikamwambia, "na yako kidogo."

"Kwa nini hukuniuliza?" akasema, akaenda kutundika nguo.